Zamu ya usiku mlangoni kwa kasino

Nimelinda kasino moja hapa Dar miaka sita. Mdogo wangu, anza na viatu: nunua namba moja zaidi, maana ikifika saa tisa usiku miguu imevimba. Mlangoni omba kitambulisho bila aibu. Chini ya miaka 18 haingii, hata akiletwa na mjomba wake. Ndani usitazame karata, tazama mikono. Chipu, kile kidude cha kuchezea badala ya pesa, ikidondoka usiiokote, mwite msimamizi. Kamera zinakuona na wewe. Aliyeliwa pesa mchezoni akianza kufoka, usimguse. Mwite “bosi”, shusha sauti, msogeze pembeni mbali na wenzake, mpe maji. Wengi hutulia wakikosa watazamaji. Kisha andika kwenye kitabu cha matukio, saa kamili, kabla hujasahau.