Kujenga stamina kwenye mashine ya makasia, hatua kwa hatua

Juzi dada mmoja jimu aliniuliza kwa nini anaweza kukimbia dakika 40 bila taabu, ila kwenye mashine ya makasia pumzi inamwishia kabla hata jasho halijatoka. Moyo anao, miguu anayo. Kilichomwangusha ni upepo wa mashine (ukinzani wa hewa kwenye feni yake) na wingi wa mipigo, yaani mara anazovuta mpini kwa dakika, na wengi ninaowaona hukwama hapohapo.

Nazungumzia mashine za feni, hasa Concept2. Zile za sumaku sizishauri kwa zoezi hili. Nyingi zinakupa levo tu, bila kukuambia umefanya kazi kiasi gani, na namba zake huwezi kuzilinganisha na za mashine nyingine.

Hatua ya 1: Miguu

Mkanda upite pale kiatu kinapokunjika, karibu na vidole. Kaza kiasi.

Hatua ya 2: Upepo

Hapa usiharakishe. Pembeni mwa feni kuna dampa, kishikio kidogo chenye namba 1 hadi 10. Karibu kila mgeni anakisukuma mpaka 10 akiamini ndiyo mazoezi makali. Sivyo. Dampa ni kama gia ya baiskeli: inabadilisha jinsi uzito unavyousikia mguuni, lakini ukali wa zoezi unauamua wewe kwa nguvu unayosukuma. Kwenye 10 hewa nyingi inaingia, feni inapungua kasi haraka kati ya pigo na pigo, na kila mara unalazimika kuiamsha upya. Mgongo na mapaja vitachoka kabla moyo haujafanya kazi yoyote ya maana.

Sasa, hata ile namba ya dampa yenyewe usiiamini. Dampa 4 ya mashine hii si dampa 4 ya ile ya pili. Vumbi likijaa kwenye wavu wa feni, hewa haipiti vizuri na mashine inakuwa nyepesi. Mwinuko nao una lake: Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo dampa ileile uliyoizoea Mombasa au Dar utaiona imelegea ukifika huko. Mtu anahama jimu, anadhani ameongezeka nguvu au amedhoofika, kumbe ni hewa.

Kipimo cha kweli kiko ndani ya skrini. Kwenye PM5, skrini ya Concept2, fungua More Options, halafu Display Drag Factor, namba inayoonyesha ukinzani wa hewa kwenye feni. Piga makasia kwa utulivu, usubiri namba itulie; ukigusa dampa, piga tena mipigo kadhaa kabla ya kusoma, kwa sababu haibadiliki papo hapo. Mimi huwaweka wanawake na watu wepesi kati ya 110 na 120, wanaume kati ya 120 na 135. Mara nyingi utajikuta dampa iko kati ya 3 na 5. Ukiona hata kwenye 10 hufiki 120, basi wavu umejaa vumbi: mwambie mwenye jimu aufungue na kuusafisha, usihangaike na dampa.

Kingine cha kukutuliza: mashine hupima jinsi feni inavyopunguza kasi baada ya kila pigo, kisha inakokotoa mwendo wako kwa kipimo hicho. Kwa hiyo kushusha dampa si kudanganya. Mita zako ni halali.

Iandike hiyo namba ya Drag Factor kwenye simu. Kila ukikaa, iangalie kwanza.

Hatua ya 3: Pigo

Kwenda: miguu, kiwiliwili, mikono. Kurudi: mikono, kiwiliwili, miguu. Mikono ipite magoti kwanza ndipo magoti yakunjwe. Ukiona unaunyanyua mpini ili uruke magoti, umeyakunja mapema.

Hatua ya 4: Punguza mipigo

Kwa stamina, baki kwenye mipigo 18 hadi 20 kwa dakika. Kwa mipigo 18, kila pigo lina sekunde 3 na ushei: sukuma kwa sekunde moja, rudi taratibu kwa zilizobaki. Huko kurudi ndiko unakopata pumzi, na wanaokwenda mipigo 28 wanajinyima wenyewe.

Mwendo unasomwa kwa mita 500, yaani dakika na sekunde za kumaliza mita hizo. Usiukimbilie, maana gharama yake haipandi kwa usawa. Mwendo wa 2:30 unadai wati kama 104. Wa 2:00 unadai kama 203. Umeongeza kasi kwa robo, kazi imekuwa karibu maradufu. Chagua mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuongea, punguza, hata kama jirani yako anakupita.

Ukiwa na kipima moyo, tumia cha mkanda wa kifuani. Saa ya mkononi huyumba kwa sababu kiganja kinakaza mpini muda wote. Na kwenye joto la pwani, mapigo ya moyo yatapanda polepole hata mwendo ukiwa uleule. Hapo fuata moyo, acha mwendo ushuke.

Hatua ya 5: Wiki yako

Siku 3 za taratibu, ukianza na dakika 20. Ongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike 60. Baada ya wiki 4 hivi, siku moja kati ya hizo ifanye ya kasi: mita 1,000 mara 4, kwa mapumziko ya dakika 4. Siku moja tu. Wanaofanya kila siku kuwa ya kasi nimewaona wakikwama kwenye mwendo uleule miezi na miezi.

Hatua ya 6: Jipime

Dakika 30, mipigo 20 bila kuzidi. Andika wastani wa mwendo na ile namba ya upepo (Drag Factor). Rudia baada ya wiki 6, upepo ukiwa uleule, la sivyo hutajua kilichobadilika ni stamina yako au jinsi uzito ulivyousikia mguuni.