Tovuti iliposhuka kwenye Google baada ya mabadiliko ya algoriti: tulivyoirekebisha hatua kwa hatua

Kijana wa ndugu yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba sita huko Jambiani, Unguja. Mwishoni mwa Aprili 2024 alinijia Mji Mkongwe na kompyuta yake kwapani, akaketi, na kabla ya kahawa kumiminwa akasema: «Ami, Google wametuzika.» Maombi ya vyumba yaliyokuwa yakiingia kupitia tovuti yalikuwa yamekatika kwa wiki kadhaa, na alikwishazungumza na fundi mmoja aliyetaka kumjengea tovuti mpya kuanzia msingi. Nilimwomba amweke fundi huyo pembeni kwanza. Tulifanya kazi kwa siku nne, na kwa kuwa tangu hapo nimeulizwa jambo hilo hilo na watu wengine, akiwemo muuzaji wa mafuta ya mkarafuu wa Chake Chake, nimeona bora niandike tulivyofanya.

Nachukulia kwamba tovuti yako imesajiliwa kwenye Search Console, zana ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwenye matokeo, na kwamba umesajili kikoa kizima (jina zima la tovuti), si anwani moja tu. Ukisajili anwani yenye «www» peke yake, takwimu za anwani isiyo na «www» hutaziona, na utaweza kuhangaika na kushuka ambako hakukutokea.

Hatua ya 1: Usiguse kitu mpaka mabadiliko yaishe

Google hutangaza mabadiliko makubwa ya mfumo wake mkuu wa kupanga matokeo, yaani algoriti, na ina ukurasa wa hali ya huduma unaoonyesha siku yalipoanza na siku yalipokwisha. Yale ya Machi 2024 yalianza tarehe 5 Machi na kumalizika tarehe 19 Aprili, yaani siku 45, muda mrefu kuliko ilivyozoeleka. Katika kipindi hicho nafasi hupanda na kushuka kama ngalawa kwenye mkondo. Google wenyewe hushauri kusubiri angalau wiki moja baada ya kumalizika, kisha kulinganisha wiki hiyo na wiki iliyotangulia kuanza kwa mabadiliko. Kijana wetu alikuwa amebadilisha vichwa vya kurasa zake mara tatu ndani ya siku hizo 45, na hatukuweza tena kujua kilichotokana na Google na kilichotokana na mikono yake.

Hatua ya 2: Tenganisha masika na algoriti

Hapa ndipo watu wengi wa visiwani hukosea, kwa sababu mabadiliko yale yaliangukia juu ya masika, na mwezi wa Ramadhani ulikuwemo humo humo. Mwezi Aprili wageni hupungua hata kama Google hawajagusa chochote, kwa hiyo kulinganisha Aprili na Februari hakukuambii lolote. Linganisha masika na masika. Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, muda unaotosha kuuona msimu wa mwaka uliopita. Usilinganishe wiki moja na wiki hiyo hiyo ya mwaka uliopita, kwani Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na Pasaka, ambayo huwaleta Wazungu wa likizo fupi, ilikuwa tarehe 9 Aprili mwaka 2023 na tarehe 31 Machi mwaka 2024. Chukua kipindi kizima, kuanzia mwanzo wa Machi hadi mwisho wa Mei.

Kisha tazama mambo mawili kwa pamoja: mara ambazo tovuti imeonekana kwenye matokeo, na nafasi yake ya wastani. Ikiwa mara za kuonekana zimepungua lakini nafasi imebaki pale pale, watu wamepunguza kutafuta, na hiyo ni kazi ya mvua. Ikiwa nafasi imetoka ya 4 ikaenda ya 17, hapo ndipo pana kazi ya kufanya. Nafasi hiyo isome kwa kila neno la utafutaji, si kwa jumla ya tovuti, kwa maana tovuti ikianza kuonekana mbali chini kwa maneno mapya, wastani wa jumla hushuka ilhali hakuna kilichoharibika. Chuja pia kwa nchi ambayo wageni wako hutoka. Kujitafuta mwenyewe kwa simu ukiwa Darajani hakufai, kwa sababu unachokiona wewe sicho anachokiona mtu aliyeko Milano.

Kwake yeye yalikuwa yote mawili. Karibu nusu ya mshituko wake ilikuwa masika ya kawaida.

Hatua ya 3: Orodhesha kurasa zilizoanguka

Pakua orodha ya kurasa zote kutoka Search Console, iweke kwenye jedwali la kawaida, na uipange kwa tofauti ya mibofyo kati ya vipindi viwili. Sina imani na programu za kulipia zinazokupa alama za afya ya tovuti, wala zile zinazowasha taa ya kijani ukirudia neno moja mara za kutosha. Alama hizo ni za kampuni iliyoiuza programu, na Google haizitumii.

Hatua ya 4: Punguza kurasa, na uzipunguze kwa namna sahihi

Jedwali lilipokaa sawa, ugonjwa ulionekana waziwazi. Kurasa za vyumba na bei hazikutikisika. Zilizoanguka zilikuwa kurasa thelathini na kitu alizoandikiwa kwa bei nafuu, zote za mtindo mmoja: nyumba ya wageni karibu na Kiwengwa, karibu na Pwani Mchangani, karibu na Matemwe, maneno yale yale huku jina la mahali likibadilishwa. Mmoja ulidai kwamba nyumba iliyoko Jambiani iko «hatua chache kutoka Nungwi», yaani mtu atoke kusini mashariki ya Unguja mpaka ncha ya kaskazini kwa hatua chache. Machi 2024 Google walitangaza pia sera mpya dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa lengo la kupata nafasi tu, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Tathmini yao ya iwapo maandishi yanamsaidia msomaji, iliyoanza Agosti 2022 kama mfumo wa pekee, iliingizwa wakati huo huo ndani ya mfumo mkuu. Sehemu ya tathmini hiyo hutazama tovuti kwa ujumla wake, kwa hiyo lundo la kurasa tupu linaweza kuzivuta chini hata zile nzuri.

Gawa kurasa katika mafungu matatu: za kubaki, za kuunganishwa na nyingine, na za kufutwa. Kuufuta ukurasa ni kazi ya dakika moja, lakini kuufuta vizuri ndiko kulikonipotezea usiku mzima na baadaye wiki tatu miaka michache nyuma, kwa tovuti ya mteja mwingine, na ndiyo maana nitaeleza kwa urefu.

Kosa langu lilikuwa hili. Niliweka alama ya noindex kwenye kurasa nisizozitaka, ambayo huiambia Google isiziweke kwenye matokeo, kisha kwa kutaka uhakika zaidi nikazifungia kurasa hizo hizo kwenye faili la robots.txt. Nilidhani nimefunga kwa kufuli mbili. Kumbe robots.txt huizuia Google isiingie kuusoma ukurasa, na isipousoma haiioni alama ya noindex iliyomo ndani yake. Kurasa zilibaki kwenye matokeo, sasa zikiwa hazina hata maelezo chini ya kichwa, na mteja akanipigia kuuliza kwa nini tovuti yake inaonekana kama duka lililofungwa. Tumia moja tu. Ukitaka ukurasa utoke kwenye matokeo, weka noindex na uuache wazi usomwe.

Kwa kurasa za kuunganishwa, elekeza anwani ya zamani kwenye mpya kwa uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301, na uzingatie yafuatayo. Elekeza kwenye ukurasa unaokaribiana kimaudhui, si kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa sababu ukielekeza zote thelathini kwenye ukurasa wa mwanzo Google huweza kuzihesabu kama kurasa zisizopatikana. Kama hakuna ukurasa unaokaribiana, uache ule wa zamani ujibu 404 au 410, namba zinazosema kwamba ukurasa haupo, wala usione haya. Usiunge mnyororo, anwani ya kwanza ikielekeza ya pili na ya pili ya tatu. Rudi ubadilishe ya kwanza ielekee moja kwa moja mwisho wa safari. Rekebisha viungo vya ndani ya tovuti na ramani ya tovuti (faili linaloiorodheshea Google kurasa zako) ili vitaje anwani mpya. Kama tovuti ina matoleo ya lugha, kama hii yenye Kiingereza na Kiitaliano, hakikisha alama za hreflang, zinazoionyesha Google matoleo ya lugha nyingine ya ukurasa huo, za toleo moja hazitaji ukurasa uliokufa wa toleo jingine, kwa sababu alama hizo hukubalika tu pale kurasa mbili zinapotajana. Acha uelekezaji huo ukae angalau mwaka mmoja.

Jambo moja dogo lakini chungu: kivinjari huukumbuka uelekezaji wa 301. Ukikosea anwani, ukasahihisha kwenye seva, kivinjari chako kitaendelea kukupeleka pale pabaya, nawe utadhani seva haijasikia. Jaribu kwa dirisha la faragha, au kwa simu ya mtu mwingine.

Zana ya Search Console ya kuondoa anwani haifuti kitu. Huificha kwa takriban miezi sita, kisha hurudi. Na zana ya kukana viungo vinavyotoka tovuti nyingine iache kabisa, isipokuwa umewahi kununua viungo na umepewa adhabu iliyoandikwa waziwazi. Nimeona watu wakikana viungo vizuri vilivyokuwa vikiwasaidia.

Hatua ya 5: Andika upya unachokijua wewe

Desemba 2022 Google waliongeza uzoefu kwenye vigezo vya mwongozo wa watathmini wao wa ubora, pamoja na utaalamu, mamlaka na uaminifu. Kwa vitendo, jiulize ni nini unachokijua ambacho mwandishi wa Manila au wa Nairobi hawezi kukijua.

Ukurasa wake wa ufukwe ulisema «mchanga mweupe na maji ya buluu», maneno ambayo yangeweza kuwa ya kisiwa chochote duniani. Nilimuuliza wageni hulalamikia nini wakifika. Akajibu bila kufikiri: «Wanakuta bahari haipo.» Basi tukaliandika hilo. Tulieleza kwamba pwani ya mashariki maji yakipwa huondoka mbali sana, na mgeni huona mashamba ya mwani na wanawake wakiyahudumia; kwamba siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri; kwamba saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku; na kwamba anayetaka kwenda kwa miguu kuelekea kwenye mwamba avae viatu vya mpira na arudi kabla maji hayajaanza kujaa. Picha alipiga yeye mwenyewe, mbili, mahali pamoja, asubuhi na alasiri. Kurasa saba za fukwe zikawa huo mmoja.

Hatua ya 6: Kasi

Punguza picha ziwe za WebP, muundo wa picha wenye mafaili mepesi, na za upana unaohitajika. Kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati unapofunguka. Pima kwa simu, kwa kuwa Google husoma toleo la simu kwanza. Kasi haitauokoa ukurasa usio na maana, kwa hiyo usiianze hatua hii kabla ya ile ya 4.

Hatua ya 7: Subiri, huku ukiandika tarehe

Andika kwenye daftari tarehe ya kila badiliko, kwa sababu ukitazama mstari wa grafu miezi mitatu baadaye hutakumbuka ulifanya nini lini. Google huusoma tena ukurasa uliobadilika baada ya siku au wiki chache, lakini tathmini ya tovuti nzima huchukua miezi, na mara nyingine haionekani kubadilika mpaka mabadiliko makubwa mengine yapite. Ukurasa wa maji kujaa na kupwa ndio uliorudi mwanzo, kwa maneno ambayo hatukuwa tumeyalenga, na wageni wakaanza kuuliza ni wiki ipi bamvua itakuwa kabla hata hawajauliza bei ya chumba.