Risasi ikitoka kombo, pima shingo kabla ya kununua dai

Kwa wanaojaza upya risasi za bunduki ya shabaha, tuseme .308 Winchester: usikimbilie dai (kile chombo cha chuma kinacholipa ganda umbo au kupachika kichwa) ya bei kubwa. Zungusha kwanza ganda tupu lililotoka kwenye dai ya kurudisha saizi, saa ya kupimia ikigusa shingo, ile sehemu nyembamba ya mdomo inayoshika kichwa cha risasi. Likiyumba zaidi ya inchi 0.003, mara nyingi mkosaji ni kile kitufe cha kupanulia shingo kilicho ndani ya dai. Kinaburutwa kutoka ndani ya shingo kavu na kuivuta upande. Paka mafuta kidogo ndani ya shingo, au kitoe kabisa utumie dai yenye bushi, pete inayobana shingo kwa nje. Kuchagua bushi, pima shingo ya risasi iliyokamilika, toa inchi 0.002: ikisoma 0.336, chukua bushi ya 0.334. Ila shingo yenye unene usiolingana, bushi haiiponyi, inasukumia tu kasoro ndani.

Shingo ikiwa nyoofu lakini kichwa kimekaa kombo, mara nyingi kosa liko kwenye dai ya kupachika kichwa. Hapo ndipo pesa iende: tafuta yenye ala inayoteleza, inayoshika ganda na kichwa kwenye mstari mmoja kabla ya kusukuma. Msukumio wake uguse mabega ya kichwa (ubavu wake uliopinda), si ncha.