Kutengeneza mashine ya kuchomelea seli za betri kwa transfoma ya maikrowevu

Mwaka jana mvuvi wa omena wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, alinirudishia taa ya sola iliyomzimikia ziwani usiku, ilhali betri yake ilikuwa imetengenezwa upya miezi mitatu tu kabla. Aliyeitengeneza ni mimi, na seli zake nilikuwa nimeziunganisha kwa risasi ya kulehemu. Chuma cha kulehemu hukaa juu ya seli kwa sekunde kadhaa, na joto hilo huweza kuharibu utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha pande mbili za seli, pamoja na mpira unaoziba mdomo wake. Mashine ya kuchomelea kwa nukta hubandika utepe wa nikeli unaounganisha seli, kwa mkupuo mfupi wa umeme, na humaliza kazi kabla joto halijapenya ndani; ndiyo ninayoeleza hapa.

Hatua ya kwanza ni kuifungua maikrowevu kuukuu bila kuumia. Chomoa plagi, kisha uitafute kapasita, ambayo huweza kuhifadhi umeme wa volti 2,000 hivi hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme huo unaua. Unganisha vituo vyake viwili kwa rezista yenye mpini wa plastiki ili umeme uishe polepole, kisha hakikisha kwa kugusanisha vituo hivyo kwa bisibisi yenye mpini uliofunikwa vyema, mkono wako mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Magnetroni, yaani kifaa kinachotoa mawimbi ya kupikia, usiivunje, kwa sababu kauri ya baadhi ya magnetroni ina oksidi ya berili, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu.

Sasa chukua transfoma, yaani lile bonge zito la chuma lenye koili za waya. Koili yenye waya mnene ndiyo inayopokea umeme wa ukutani, na hiyo hubaki. Koili ya waya mwembamba, yenye mizunguko mingi, ikate kwa msumeno wa chuma pande zote mbili, kisha uisukume nje kwa kipande cha mbao, ukiwa mwangalifu usiikwaruze ile inayobaki. Viondoe pia vipande viwili vya chuma vilivyobanwa kati ya koili, kwa kuwa hupunguza mkondo. Katika nafasi iliyopatikana pitisha kebo ya shaba ya milimita za mraba 50 au 70, mizunguko miwili tu. Utapata takribani volti 2, lakini mkondo wa mamia ya ampea. Kwa volti ndogo hivyo, kiungo kilicholegea au kebo ndefu hula karibu nguvu zote; kwa hiyo fupisha kebo na ubane ncha zake kwa vishikizo vya shaba.

Ncha za kugusia nazichonga kutoka kwa fimbo za shaba za milimita 3, na kuziacha milimita 3 au 4 kati yake. Zikiwa nyeusi, zipige tupa.

Swichi iwe upande wa umeme wa ukutani, kamwe isiwe upande wa kebo nene. Tumia rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, isiyo na sehemu zinazosogea, ya ampea 40, ikiongozwa na taima inayohesabu milisekunde. Hapa ndipo ninapowaomba mtulie, kwa maana wengi hutafuta nguvu ilhali kinachoamua ubora ni muda. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo wimbi moja huchukua milisekunde 20. Anza na wimbi moja, kisha uongeze moja moja, ukitumia mawimbi kamili, kwa sababu nusu ya wimbi huacha usumaku ndani ya transfoma na kuifanya ivute mkondo mkubwa kupindukia mara inayofuata. Jaribu kwanza kwenye seli iliyokufa na isiyo na chaji, kwa utepe wa nikeli wa milimita 0.15, kisha uung'oe kwa koleo. Nukta njema haiachii: utepe huraruka na kuacha vipande vyake vimeng'ang'ania seli. Ukibanduka wote mzima, ongeza muda, ukitoboka, punguza.

Kabla ya kuchomelea upande chanya, weka pete ya karatasi ya kuhami, kwa kuwa ukingo wa kopo la seli unaouzunguka ni hasi. Vaa miwani.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nikiwasha mashine huku Nakuru fyuzi hukatika. Niweke kubwa zaidi?

La, ndugu yangu. Fyuzi inalinda nyaya zilizo ukutani. Punguza muda, kisha uangalie kama koili imekwaruzwa na kugusa chuma.

Nitajuaje kwamba nikeli niliyouziwa si chuma kilichopakwa nikeli?

Ukwaruze kwa tupa na uuache ndani ya maji ya chumvi usiku kucha. Chuma kitashika kutu, nikeli haitashika. Chuma hupitisha umeme vibaya zaidi, hivyo betri hupata joto bure.

Nukta hazishiki hata nikiongeza muda, ila utepe unakuwa mwekundu.

Umeme unapita ndani ya utepe kutoka ncha hadi ncha bila kushuka kwenye seli. Ukate utepe ufa mwembamba kati ya ncha mbili, na ubonyeze zote kwa nguvu sawa.

Nimetoboa seli kidogo na inanukia kama rangi ya kucha. Bado ina volti 3.6, naweza kuitumia?

Usiitumie, hata kama volti zake ni nzuri. Harufu hiyo ni ya maji yake yanayovuja, nayo hushika moto. Itoe nje sasa hivi, uiweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu mbali na nyumba, na usiirudishe karakana.