Kumfundisha mtoto kazi bila kuifanya kazi iwe adhabu

Wazazi wenzangu, mtoto akikosea tu utasikia leo unaosha vyombo vyote, kachelewa kurudi basi jumamosi atafagia uwanja mzima, halafu mtoto huyo huyo tunataka akue anapenda kazi, ataipendaje wakati kila akiisikia anajua kuna kosa? Kwa sisi wakristo hii haikai kabisa. Soma Mwanzo 2:15, Mungu anamweka Adamu bustanini ailime na kuitunza, na hapo dhambi bado, dhambi inakuja sura ya 3. Miiba na jasho ndo vimeletwa na dhambi, kazi ilishakuwepo. Kwahiyo ukitaka kuadhibu mnyime katuni, ficha simu, kazi iache.

Kingine, mpe kazi yake mwenyewe ambayo asipoifanya nyumba nzima inajua, sio kumuita ita tu "njoo unisaidie". Wa miaka 4 au 5 anapanga viatu na kupeleka vijiko mezani. Akifika 7 anachagua mchele, anafua soksi zake, analisha kuku kama mnafuga. Kuanzia 10 hivi anaweza kusonga ugali mdogo ila uwe hapo hapo jikoni. Na wavulana jamani wapike, Bwana Yesu amefufuka na bado kawaandalia wanafunzi wake samaki kwenye moto wa makaa pale ufukweni, ipo Yohana 21, sasa mwanao ni nani asishike mwiko?

Pagumu ni kwa dada wa kazi. Yeye anaona mtoto anamchelewesha, anatandika mwenyewe fasta yaishe. Kaa naye umwelekeze kwamba kitanda cha mtoto kisipotandikwa kibaki hivyo hivyo, hatagombezwa yeye. Na wewe mama pia usirudie kuosha sufuria mbele ya mtoto, ukiona masizi yamebaki muite, mwonyeshe kusugua kwa steelwire na majivu, amalizie mwenyewe hata kama itachukua nusu saa.

Mimi napenda sana mchicha kwa kufundishia maana hauna longolongo. Jaza udongo na samadi kwenye kiroba au ndoo iliyotoboka, mwaga mbegu, baada ya wiki 3 au 4 mnachuma, mtoto mdogo hana subira ya kungoja mahindi. Amwagilie yeye. Akisahau ukaanza kunyauka usimwagilie kwa siri usiku, uache unyauke. Ukistawi mnakula, unaobaki mtoto auze kwa majirani, ile hela aitoe mwenyewe fungu la kumi na kulitia kwenye kapu la sadaka kwa mkono wake.

Kazi za kila siku usimlipe, kula analipwa nani? Ila kuosha gari au kulima majani nyuma ya nyumba mpe chochote.

Halafu kuna wazazi wanaipenda mno ile 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi asile. Paulo pale alikuwa anaongea na watu wazima waliokuwa wanazurura na kujiingiza kwenye mambo ya wenzao, sio mtoto wa darasa la pili aliyeacha sahani kwenye sinki. Huyo ale ashibe, kama kashikwa na usingizi alale, ataiosha asubuhi kabla ya kwenda shule.