Kuhamisha tangi la samaki wa bahari kutoka Nakuru hadi Kisumu ukiwa likizo

Kama uko majuu na nyumba ya Riat, Kisumu, imeisha, na familia sasa inatoka ile ya kukodi Nakuru, hio fanicha isikusumbue, watu wa lori watabeba. Kazi iko kwa lile tangi la lita 100 pale sebuleni. Hio usimwachie mtu, panga iangukie siku zako za likizo na uanze kujitayarisha ukiwa bado huko.

Kujitayarisha ni sutikesi kwanza. Kisumu tuna ziwa lakini maji yake ni matamu, bahari iko Mombasa zaidi ya kilomita 800, na Ziwa Nakuru usijaribu hata kidogo, ile chumvi yake ni ya magadi, haiwafai hawa samaki. Kwa hivyo beba chumvi ya akwariamu. Lita moja inakula gramu 35 hadi 38 hivi, so kilo 5 inakupa zaidi ya lita 130, inatosha kuhama na kubadilisha maji mara kadhaa. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha, matumbawe yatakufa. Ongeza refraktomita (kifaa cha kupima chumvi ya maji), vipimo vya amonia, ile sumu samaki hutoa, na pampu mbili za hewa za betri, hivyo vyote vinaingia katikati ya nguo za zawadi. Samaki na matumbawe ya huko majuu yaache, kuingiza viumbe hai kunataka vibali, na matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Sasa sikizeni hapa vizuri. Watu huhangaika na samaki na maji, kumbe kinachoweka tangi hai ni yale mawe ya ndani. Kwa mawe na sponji ya filta ndo kunaishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitraiti halafu naitreti, na bakteria hao wanataka unyevu na hewa. Ukifungia sponji kwa mfuko masaa matano bila hewa wengi wanaweza kufa, na jioni unarudisha samaki kwa tangi ambalo haliwezi kujisafisha. Mawe yaingie kwa ndoo za mfuniko, yazame kabisa kwa maji yaleyale ya tangi, sponji iwe humohumo, na pampu ya betri itoe mapovu njia yote.

Mchanga ni habari ingine. Ukiuchimba utaona wingu la kijivu linapanda kutoka chini na harufu ya mayai viza, hio ni sumu iliyokaa huko bila hewa. Usiurudishe vile ulivyo. Chota kikombe cha mchanga wa juu uweke kando kama mbegu, ule mwingine uoshe na maji ya chumvi mpaka yatoke safi, au ununue mpya kabisa, mimi ningenunua.

Anemoni, yule mnyama wa bahari anayejishikilia kwa jiwe na mguu wake, usimvute, mguu ukichanika anaoza na kuharibu maji yote. Chukua kadi ya plastiki, ipitishe polepole kwa ukingo wa mguu ukizunguka mpaka aachie mwenyewe, ama ubebe na jiwe lake. Na zile korali, yaani matumbawe laini, zinazofunguka kama vifungo vya shati, zoanthidi, zingine zina sumu kali inaitwa palitoksini, kwa hivyo vaa glavu na miwani na usimwagie jiwe maji moto wala kulichemsha, mvuke wake unaweza kupeleka nyumba nzima hospitali. Watoto wakae mbali siku hio.

Samaki wasile siku moja kabla. Tokeni alfajiri, Mau Summit kuna baridi kali na mkishuka Kisumu joto linawapokea, so samaki wakae kwa kula boksi (lile boksi la kutunza joto na baridi), ndani ya gari na nyinyi, si nyuma ya pikap, maji yabaki nyuzi 24 hadi 26. Mfuko uwe na maji theluthi moja, kwingine hewa. Pia mtafika kabla ya mvua ya jioni. Tangi lenyewe libebwe tupu kabisa, hata maji ya robo yanaweza kufungua gundi ya kona.

Kule Riat, mpwa wako awe amechanganya lita 50 za maji mapya jana yake, yaliyochujwa bila klorini, pampu ikizungusha, refraktomita isome chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji hayo. Fundi apime na pima maji kama meza iko sawa, sababu maji pekee ni kilo 100 na ushee. Weka mawe, maji ya zamani, mapya yajazie, hita na pampu, na samaki waingie maji yakishatulia na joto likilingana. Taa ziwe chini siku chache, chakula kidogo, amonia upime kila siku kwa wiki mbili, ikionekana tu badilisha maji kiasi.

Stima itapotea, hio jua tu, so nunua pampu ya betri inayojiwasha yenyewe stima ikipotea. Kabla hujapanda ndege bandika selotepu kwa kioo pale maji yanafika na umwonyeshe mama, maji yakishuka chini ya hapo anaongeza maji safi yasiyo na chumvi, polepole, sababu kinachokauka ni maji, chumvi inabaki ndani.