Saa za kujitolea kabla ya kusomea fiziotherapia Marekani

Wengi wetu tulioko Marekani tulianzia kwenye nyumba za wazee: kumgeuza mgonjwa kitandani, kumwogesha, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha mazoezi, kumwacha mlangoni na kurudi kwa mwingine. Kama unaiwazia fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anzia kwenye mlango huo huo. Ndani yumo mfiziotherapia ambaye sahihi yake utaihitaji kuthibitisha saa zako, na huenda jina lako analijua tayari.

Marekani huwi mfiziotherapia kwa shahada ya kwanza peke yake. Baada ya shahada hiyo unasomea udaktari wa fiziotherapia, DPT, kwa kawaida miaka mitatu, kisha unafanya mtihani wa leseni. Maombi ya vyuo vingi hupitia mfumo mmoja wa mtandaoni, PTCAS, na humo kuna sehemu ya kujaza saa ulizokaa na mfiziotherapia akiwa kazini. Kila chuo kina masharti yake: vingi vinavyodai saa hutaka kati ya 40 na 100, vichache huvuka hapo, vingine havidai hata moja. Chagua vyuo sita au saba, soma masharti ya kila kimoja, kisha jipime kwa kile kilicho kigumu kuliko vyote.

Angalia hasa nani anasimamia saa zako. Anatakiwa awe mfiziotherapia mwenye leseni. Saa ulizokaa na msaidizi wake, vyuo vingine huzikataa. Saa za kwa tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo au mkufunzi wa wanamichezo si za fiziotherapia, hata kama wagonjwa wanafanya mazoezi yale yale. Na hili huwauma wengi: miaka yako ya kuhudumia wazee, hata ikiwa kumi, kwa kawaida haiingii kwenye hesabu hii. Ijaze kwenye sehemu ya uzoefu mwingine wa afya, kwa maana ina uzito wake, lakini usiitegemee hapa. Ukiweza, hamia kwenye kazi ya msaidizi wa chumba cha mazoezi, yule anayefuta vitanda, kukunja taulo na kuandaa vifaa huku mfiziotherapia akiwa kazini. Vyuo vingi hukubali saa za kulipwa sawa na za kujitolea, na kodi ya nyumba haisubiri.

Kisha angalia mahali. Vyuo kadhaa hutaka saa zako zigawanyike kati ya wagonjwa waliolazwa na wanaotoka nyumbani. Hata chuo kisipodai, mimi ningezigawa. Kliniki ya nje utaona magoti, mabega na migongo, watu wanaokuja kwa miguu yao. Hospitalini utaona mgonjwa aliyebadilishiwa goti asubuhi akisimamishwa jioni hiyo hiyo, au aliyepatwa na kiharusi akijifunza upya kukaa pembeni mwa kitanda bila kuanguka. Hiyo ya pili ndiyo inayokuonyesha kama kazi hii unaiweza. Ni ya polepole, na siku nyingine mgonjwa anakataa kabisa kuinuka.

Anza na hospitali, maana makaratasi yake hayana haraka: kipimo cha kifua kikuu, uthibitisho wa chanjo, uchunguzi wa rekodi za jinai, mafunzo ya usiri wa mgonjwa. Huenda zikapita wiki kadhaa kabla hujavaa kitambulisho. Pitia ofisi yao ya watu wa kujitolea. Kliniki ndogo ni rahisi zaidi: nenda mwenyewe, umevaa nadhifu, omba kuonana na msimamizi, useme wazi siku na saa unazoweza. Usiseme "wakati wowote", kwa sababu hakuna atakayekupangia. Saa nne kwa wiki, kwa wiki ishirini, ni saa 80, na bado unafanya kazi zako za usiku.

Uliyeingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, zungumza kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Kukaa kando na kutazama ni jambo moja. Kufanya bure kazi ambayo mwingine angelipwa, hasa kwenye kliniki ya biashara, ni jambo jingine na linaweza kukuharibia hadhi yako ya viza.

Ukishaingia, sogea karibu bila kuziba njia. Swali la kitaalamu liulize mgonjwa akishaondoka. Tazama sana ile siku ya kwanza ya mgonjwa mpya, maana hapo mfiziotherapia anapima, anauliza na kuamua. Siku zinazofuata ni utekelezaji. Akija mgonjwa anayesema Kiswahili, na kwenye miji yenye wakimbizi kutoka Kongo watakuja, msalimie kwa furaha, lakini usigeuzwe mkalimani wa matibabu. Hiyo ni kazi ya mkalimani aliyefunzwa, na kosa la neno moja juu ya dawa au maumivu litakurudia wewe.

Daftari liwe la kila siku: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, aina ya tatizo, ulichokiona. Jina la mgonjwa lisiwemo, wala jambo litakalomtambulisha. Maelezo hayo ndiyo yatakayokusaidia kuandika insha ya maombi baadaye, badala ya sentensi ile ya "napenda kusaidia watu" ambayo kila mwombaji anayo.

Na sahihi usiiache hadi mwisho. Mimi nilikaa na mfiziotherapia mmoja saa 30, nikajiambia fomu nitampelekea msimu wa maombi ukifika. Ulipofika, alikuwa amehamia jimbo jingine, na kliniki haikuwa na kumbukumbu yoyote ya mimi kuwepo. Nilizianza upya. Sasa ninawashauri wadogo zangu wasainiwe kila mwisho wa mwezi, na wachukue namba ya leseni na baruapepe isiyo ya kazini. Barua ya mapendekezo nayo, ambayo vyuo vingi hutaka itoke kwa mfiziotherapia, iombe ukiwa bado unaonekana pale kila wiki. Mfumo wa maombi kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, kwa masomo ya mwaka unaofuata, kwa hiyo anayetaka kutuma Julai awe ameshaingia kliniki kabla ya Krismasi.